Nguo nyekundu haiiti radi

Masika yakikaribia, ule ujumbe hurudi kwenye magrupu: vua nguo nyekundu, funika vioo, zima simu, kuna radi ya kutumwa na wachawi.

Radi ni umeme uliojikusanya kwenye wingu kubwa, na hauchagui rangi wala jina. Mara nyingi hupiga kilicho kirefu au kilichosimama peke yake: mnara, mwembe, mtu uwanjani, mtumbwi katikati ya maji. Kioo cha ukutani hakimo. Simu isiyo kwenye chaji nayo haivuti radi. Ya hatari ni ile iliyochomekwa ukutani. Ukitaka kuhakiki, tazama vilivyowahi kupigwa mtaani kwenu. Ni miti na nguzo, si kamba za nguo.

Mkanganyiko unaeleweka. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, hasa usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji yenye joto. Akipigwa mtu aliyevaa khanga nyekundu, tunaikumbuka khanga. Walioivaa wakalala salama, nani anawahesabu?

Aliye ndani ya nyumba imara Nyamagana au Ilemela, mkoani Mwanza, yuko salama kuliko mvuvi wa dagaa aliye ziwani. Sekunde 3 kati ya mwanga na ngurumo ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, usijikinge mtini.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Unamfanya mtu ahangaike na vioo huku amesimama chini ya mwembe, na wakati mwingine humfanya jirani mzee anyooshewe kidole.