Sampuli ya Ryugu si kimondo

Kila habari ya Ryugu, asteroidi (mwamba mdogo unaozunguka Jua), inapoandikwa kwa Kiswahili, nasoma kwamba Wajapani "walileta kimondo". Hawakuleta kimondo. Kimondo ni jiwe lililopenya hewa yetu likiwaka, likaanguka lenyewe ardhini. Gramu 5.4 zilizofika Desemba 2020 zilichotwa hukohuko Ryugu na chombo cha anga Hayabusa2, zikasafiri ndani ya mkebe uliofungwa. Hazikuungua wala kuloa.

Kinachochanganya watu ni jina la kundi. Ryugu inawekwa pamoja na vimondo vya CI, aina ya vimondo vyenye kaboni, na hiyo I ni Ivuna, ambayo leo iko mkoani Songwe, Tanzania. Jiwe jeusi la gramu kama 700 lilianguka huko tarehe 16 Desemba 1938. Vimondo vya namna hii ni adimu mno. Kinachojulikana zaidi ni cha Orgueil, Ufaransa, cha mwaka 1864. Ukiacha gesi kama haidrojeni na heliamu, uwiano wa elementi za vimondo hivi unakaribia sana ule wa Jua, ndiyo maana wanasayansi huvifanya kipimo cha kulinganishia mawe mengine.

Basi mtu akisikia "aina ya Ivuna" anadhani ni jiwe lilelile. Undugu upo kweli: madini ya mfinyanzi yaliyotokana na maji ya kale, karbonati, magnetaiti. Lakini tazama kimondo cha Orgueil kilichokatwa: kina mishipa myeupe ya salfeti, aina ya chumvi. Kwa miaka mingi mishipa hiyo ilisomwa kama alama ya maji yaliyopita ndani ya asteroidi. Punje za Ryugu hazina salfeti hizo. Unyevu wa hewa yetu ndio uliozifanya, jiwe likiwa limetulia kabatini mwa makumbusho!

Halafu hewa yenyewe huchagua. Mawe mengi ya Ryugu yana vitundu vidogo tele na ni dhaifu. Yakiingia katika hewa yetu kwa kasi ya kimondo, sehemu kubwa itasagika kabla ya kufika chini. Vimondo tunavyookota ni vile vilivyo sugu, na si haki kuvifanya picha kamili ya uso wa asteroidi.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, andika "sampuli ya Ryugu". Ukitaka kuilinganisha, sema inafanana na kimondo cha Ivuna kabla hakijaonja unyevu wa Dunia.