Ukucha, kitambaa na maji matamu

Jamaa zangu wakisikia mimi ni fundi wa helikopta kwenye manowari ya Marekani ya kubeba ndege, wanadhani kutwa nzima nafungua injini. Wapi! Mwaka wa kwanza nilishika mpira wa maji na kitambaa kuliko spana.

Sababu ni chumvi. Seahawk, yaani MH-60 tunayoihudumia, ikisimama angani karibu na maji, upepo wa panga zake hurusha ukungu wa bahari unaopenya kila tundu. Ukungu unakauka, chumvi inabaki. Bodi ni ya alumini, bolti nyingi ni za chuma, na metali hizo mbili zikigusana zimelowa maji ya chumvi hugeuka kama betri. Inayoliwa ni alumini. Usitarajie wekundu wa bati la paa: hapa unatokea unga mweupe, na rangi inavimba lengelenge kandokando ya kichwa cha skrubu. Napitisha ukucha. Rangi ikibonyea, najua zamu yangu imeshapangwa: kukwangua hadi metali safi, dawa, praima, rangi, kisha bolti irudishwe na gundi isiyopitisha maji.

Ndiyo maana tunaosha, kwa maji matamu ambayo meli yenyewe inayatengeneza kutoka baharini. Injini mbili za helikopta, za T700, nazo tunazinywesha: tunazizungusha bila kuwasha moto huku maji yakinyunyizwa mdomoni.

Mengi haya hufanyika chini, kwenye hanga, yaani banda la ndege ndani ya meli, panga zimekunjwa na mkia pia, maana zikiwa wazi zinachukua zaidi ya mita 16. Minyororo inaishikilia helikopta sakafuni. Sakafu yenyewe haitulii.

Kinachonitoa jasho hasa ni sanduku la vifaa. Kila kifaa kina kitanda chake kilichochongwa kwenye sponji, tunahesabu kabla na baada ya kazi. Usiku mmoja kitanda kimoja kilikuwa kitupu: soketi ndogo tu, ila ikiangukia kwenye fimbo za usukani rubani hana usukani tena. Helikopta ikazuiwa kuruka. Tukafungua paneli moja baada ya nyingine, tochi mdomoni, hadi karibu na alfajiri. Ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yangu, wa nyuma, ambao siutumii kamwe.