Amfitheta haipazi sauti yenyewe

Juzi mkuu wa shule mmoja kaniambia: "Tujengee amfitheta uwanjani, tusihangaike tena na spika." Kazi yangu ni usanifu wa majengo, na ombi hili la ngazi za kukalia zilizopindwa nusu duara nimelisikia mara nyingi mno. Linaniumiza, kwani zege humwagwa, fedha za wazazi huisha, na watoto wa safu ya nyuma wanabaki kuulizana mwalimu kasema nini.

Kupinda ngazi nusu duara hakukuzi sauti. Kunawasogeza watu karibu na jukwaa, basi. Kinachosaidia ni mwinuko: kila safu ikiwa juu ya ile iliyotangulia, sauti inafika sikioni kabla haijamezwa na vichwa na nguo za waliokaa mbele. Halafu kuwe na ukuta mgumu nyuma ya msemaji, na kuwe kimya. Kiwanja kilichopakana na barabara ya malori hakitakuwa kimya hata ukikipinda namna gani.

Hapo ndipo ninapotajiwa ukumbi wa kale wa maigizo wa Epidaurus, Ugiriki, ambako eti sarafu ikidondoka jukwaani inasikika hadi safu ya mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven walikwenda kupima, wakatoa matokeo mwaka 2017. Ukipita katikati ya viti, utasikia kitu kimelia lakini hutajua ni sarafu. Mnong'ono uliishia kwa waliokaa mbele. Iliyofika juu ikaeleweka ni sauti iliyopazwa kwa nguvu, kama waigizaji wanavyofundishwa.

Tena Epidaurus si amfitheta. Ni thieta, yaani viti vyake ni kama nusu duara. Jina amfitheta limetoka Kigiriki: *amphi*, pande zote, *theatron*, mahali pa kutazamia. Amfitheta halisi ya Kirumi ina viti vinavyouzunguka uwanja wote kwa umbo la yai, kama Colosseum ya Roma iliyozinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo, mita 189 kwa 156. Watu walikwenda kutazama mapigano. Msemaji akisimama katikati pale, nusu ya watu wanaona mgongo wake. Siku hizi hata nusu duara tunaiita amfitheta, nami sigombani na jina. Nagombana na matumaini yanayobebeshwa jina hilo. Ngome Kongwe ya Zanzibar ina kuta nene za mawe na ngazi nzuri za kukalia, na bado wanamuziki wa tamasha la Sauti za Busara hufungiwa vipaza sauti.

Wapo pia wanaodhani amfitheta za Kirumi zilijengwa Italia tu. El Jem, Tunisia, ipo moja ya karne ya 3, kubwa ajabu. Wengine hudhani kila pambano la humo liliisha kwa kifo. Hapana, palikuwa na waamuzi, na aliyeshindwa aliweza kusamehewa.

Ukijenga, usiwaelekeze watazamaji magharibi. Sherehe za shule huanza alasiri, na jua la saa kumi na moja litawapiga wote machoni.