Kiporo Huingia Sufuriani Mwisho

Mlo wa jioni unaopikwa kwa mabaki huharibika mara nyingi kwa kosa moja: mpishi huanza na kiporo. Anakipasha kwanza, anaongeza maji, kitunguu na viazi, kisha anasubiri viazi viive. Viazi vikija kuiva, wali umekuwa uji, kuku amebaki nyuzi, na chumvi ya jana imekolea mchuzi mzima. Kiporo tayari kimeiva, kimetiwa chumvi na kimepoteza maji yake. Kazi yake katika mlo wa leo ni kuleta ladha na kuongeza protini. Kinachoshibisha watu ni vitu vikavu vya kabatini, navyo ndivyo vinavyopaswa kutangulia motoni.

Vipimo vilivyomo humu ni vya watu 5, wakubwa wawili na watoto watatu. Kikombe ni cha mililita 250, kijiko cha chakula mililita 15, cha chai mililita 5.

Kwanza, kipi kinafaa kuliwa?

Swali la kwanza ni kuhusu muda na joto. Harufu ije baadaye. Bakteria wanaosababisha ugonjwa wanaweza kujaa kwenye chakula bila kubadili harufu wala ladha yake. Chakula kilichochacha au kuota utelezi kitupwe bila mjadala, lakini kutonuka vibaya si uthibitisho wa usalama. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au kikae cha moto juu ya nyuzi 60. Katikati ya hapo bakteria huongezeka haraka. Siku za joto kali, linalozidi nyuzi 32, hesabu saa 1 tu.

Wali unastahili uangalifu wa pekee. Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, mbegu huamka, bakteria huzaliana na baadhi yao hutoa sumu inayoleta matapishi. Sumu hiyo huhimili moto wa jikoni. Ndiyo maana kuupasha sana wali uliolala nje hakuusafishi: bakteria watakufa, sumu itabaki. Wakala wa Viwango vya Chakula wa Uingereza hushauri wali upozwe ndani ya saa 1, uwekwe kwenye friji na uliwe ndani ya saa 24. Wapo waliokula wali uliolala mezani wasiumwe, ni kweli. Wamebahatika, na bahati hiyo haifai kujaribiwa kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee.

Viporo vingine vilivyopozwa vizuri, kama nyama, kuku, maharagwe na mboga, hukaa kwenye friji siku 3 hadi 4. Hatari yake kubwa hutokea kabla ya friji. Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, hata pembeni ikiwa imepoa. Kigawe chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, na uviweke juu ya maji baridi mpaka mvuke uishe, ndipo viingie kwenye friji. Si lazima kipoe kabisa kwanza.

Asiye na friji asijilaumu, ila abadili hesabu: apike vitu vikavu kwa kiasi cha mlo mmoja, na asilaze wali, nyama wala maziwa hadi kesho yake. Akiba yake ni nafaka, maharagwe, dengu na samaki wa kopo, na hivyo vinatosha kwa mlo mzuri.

Wali wa kukaanga na rojo la dengu

Chukua mfano wa mabaki ya kawaida: vikombe 3 vya wali wa jana uliolala kwenye friji na kikombe 1 cha kuku aliyechambuliwa, gramu 140 hivi. Kwa watu 5, wali huo ni zaidi kidogo ya nusu kikombe kwa kila mmoja, na kuku ni vipande viwili vitatu tu. Havitoshi. Ongeza kutoka kabatini kikombe 1 cha dengu nyekundu zilizokobolewa na mayai 2. Kwenye mboga chukua robo ya kabichi ndogo, karoti 1, vitunguu 2, nyanya 2 na vitunguu saumu punje 3.

Dengu hutangulia. Zichambue, zioshe mpaka maji yawe maangavu, zibandike na vikombe 3 vya maji bila chumvi. Zikianza kuchemka engua povu, la sivyo zitafurika na kuzima jiko. Punguza moto, acha mfuniko wazi kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 zitakuwa zimepasuka zenyewe. Hizi hazihitaji kulowekwa.

Wakati zinachemka, kaanga kitunguu kimoja kwa kijiko 1 cha chakula cha mafuta mpaka kiwe rangi ya dhahabu. Tia vitunguu saumu punje 2 na nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano, koroga nusu dakika, kisha nyanya zilizokatwakatwa. Hapa ndipo wengi huharakisha. Nyanya zipikwe mpaka zivurugike na mafuta yaanze kujitenga pembeni, dakika 6 hadi 8. Zikimwagiwa dengu mapema, rojo litakuwa na uchachu mbichi ambao watu hujaribu kuuficha kwa sukari. Zikiiva, ziunge dengu, tia chumvi kijiko cha chai nusu, acha zitokote dakika 5. Rojo likaze kiasi cha kushika mgongo wa kijiko.

Sasa wali, ambao umelala na kuwa mgumu. Ugumu huo ni faida. Wanga wa wali uliopoa hujipanga upya na kukaza, kwa hiyo punje husimama moja moja zinapokaangwa. Wali uliopikwa sasa hivi bado una unyevu na kunata. Ukikaangwa hugeuka bonge. Uvunjevunje wa jana ungali baridi, kwa mikono iliyoloweshwa, kabla haujagusa mafuta. Bonge likiingia zima, nje litaungua na ndani litabaki baridi, na ndani ndiko kwenye hatari.

Tumia kikaango kipana na moto mkali. Vijiko 2 vya chakula vya mafuta, kitunguu kilichobaki, karoti iliyokwaruzwa, halafu kabichi iliyokatwa nyembamba, vikombe 3 hivi. Usitie chumvi bado, maana chumvi huvuta maji ya kabichi, na kikaango kikishajaa maji hakikaangi tena, kinachemsha. Dakika 3 hadi 4 zinatosha. Sogeza mboga pembeni, vunja mayai kwenye nafasi iliyo wazi, yavuruge mpaka yashikane kabisa. Ndipo viporo vinaingia, kuku na wali pamoja na kitunguu saumu cha mwisho. Geuza dakika 3, nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya maji, funika dakika 2. Mvuke huo mfupi hupenya hadi katikati ya kila punje bila kuulowesha wali. Onja, kisha amua kuhusu chumvi.

Kiporo kipashwe mpaka kifike nyuzi 70 au zaidi kote. Kama huna kipimajoto cha chakula, chimbua katikati, siyo ukingoni: mvuke utoke kwa wingi. Mchuzi uchemke mpaka ubwabwaje, usiishie kutoa mapovu pembeni.

Kikaango kikiwa kidogo, kaanga kwa mafungu mawili. Ukikijaza zaidi ya nusu ya kina chake, joto hushuka na kila kitu hunata chini.

Mlo huu unaonyesha kwa nini vitu vikavu ndivyo mhimili. Kikombe cha dengu kavu, gramu 200 hivi, kina protini gramu 45 hadi 50. Kuku wote waliobaki wana karibu gramu 40, na mayai mawili gramu 12. Zaidi ya hayo, protini ya nafaka ina upungufu wa laisini, moja ya viungo vinavyojenga protini, na jamii ya kunde ina laisini nyingi. Wali na dengu vinakamilishana. Nyanya na kabichi nazo zina vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu, ingawa sehemu yake hupotea motoni. Ukibakiza konzi moja ya kabichi mbichi iliyokamuliwa limau ukaiweka pembeni ya sahani, utapata zaidi.

Maharagwe makavu yana masharti yake

Ukiwa na maharagwe badala ya dengu, panga tangu asubuhi. Maharagwe mekundu hasa yana lektini, protini yenye sumu inayoumiza tumbo vibaya. Punje 4 au 5 mbichi zinaweza kumletea mtu matapishi. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, tia mapya, na uyachemshe kwa nguvu kwa dakika 10 zisizopungua kabla ya kupunguza moto. Kuyaweka moja kwa moja kwenye jiko la umeme la kupika taratibu ni kosa la hatari, kwa sababu joto la nyuzi 80 hivi haliiharibu lektini na linaweza hata kuizidishia makali.

Yakikataa kulainika baada ya saa 2, kuna sababu za kuangalia. Huenda ni ya zamani sana. Huenda maji yako ni magumu, yenye madini mengi. Au nyanya, limau au siki vimetangulia: asidi huzuia ganda na nyama ya punje kulainika. Unga maharagwe yakishabonyea kwa vidole, si kabla.

Kuni, gesi au umeme navyo vina gharama, kwa hiyo chemsha nusu kilo kwa mpigo. Utapata vikombe 6 hadi 7. Tumia vikombe 2 leo na ugandishe vingine kwa mafungu ya vikombe 2 pamoja na maji yake kidogo.

Mabaki mengine, kwa ufupi

Viazi vilivyobaki: ponda vikombe 2, changanya na kopo 1 la samaki lililochujwa mafuta (gramu 120 hivi za samaki), yai 1, kitunguu kilichokatwa vidogo na vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano au chenga za mkate mkavu. Finyanga vipande 10 vyenye unene wa sentimita 2, viache kwenye baridi nusu saa, kaanga dakika 4 kila upande. Vikimeguka, ama samaki hakuchujwa vizuri, ama viligeuzwa kabla ganda halijakaza. Kopo lililovimba au kuvuja lisifunguliwe hata kwa kuonja.

Tambi zilizokwisha iva hazichemshwi tena. Zitupie kwenye mchuzi unaochemka, dakika 2, basi.

Mkate mkavu huwa chenga nzuri ukikaushwa kwenye kikaango kisicho na mafuta. Mkate wenye ukungu ni habari nyingine. Utupe wote, kwa kuwa nyuzi za ukungu hupenya ndani kuliko doa linaloonekana. Karoti au kabichi ngumu yenye doa dogo la ukungu inaweza kukatwa, ukiondoa sentimita 2.5 kuzunguka doa.

Vipande vya mboga vilivyonyauka, visivyooza, ni vya supu. Kwa lita 1 ya maji tia nusu kikombe cha dengu nyekundu zichemke humo. Zitakaza supu vizuri kuliko unga, na hazifanyi madonge.

Chumvi, na kinachobaki tena

Kiporo, samaki wa kopo na vidonge vya supu vyote huja na chumvi yao. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa kabisa, na kidonge kimoja cha supu kinaweza kubeba sehemu kubwa ya kiasi hicho. Maharagwe ya kopo yaoshwe kwa maji. Na ile imani kwamba kiazi hunyonya chumvi iliyozidi haina msingi: kiazi hunyonya mchuzi ulivyo, maji na chumvi yake, na mchuzi uliobaki una chumvi ileile. Mchuzi uliozidi chumvi hupona kwa kuzimuliwa tu, kwa dengu, wali au maji yasiyo na chumvi.

Kiporo kipashwe mara moja tu, kisirudiwe. Kila kupoa na kupashwa huwapa bakteria nafasi nyingine, kwa hiyo toa kwenye friji kiasi kitakacholiwa, kingine kiache humohumo. Kwa sababu hiyohiyo wali na rojo vimepikwa mbalimbali hapa na havichanganywi sufuriani. Wali wa kukaanga ukibaki safari hii ni wa kutupa. Rojo la dengu ni jipya, halikuwahi kupashwa: likibaki, lipooze kwenye chombo kipana, bandika karatasi yenye tarehe, na ulitumie ndani ya siku 3.