Mkono usio na mapigo

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Huku Kigoma ilikuwa saa kumi alasiri. Kule Marekani ndiyo kwanza kunapambazuka. Mjukuu wake alikuwa amekaa kitandani, mkoba mdogo ubavuni, na kutoka kwenye mkoba ule ulichomoza waya uliopita chini ya kanga ukaingia tumboni. Alikuwa anacheka. “Bibi, jana nesi mgeni kanishika mkono hapa, katafuta mapigo weee, hakuyapata!”

Bibi hakucheka. Alinigeukia mimi, wakati huo nina kifaa cha eko, kile cha kuutazama moyo ukiwa kifuani, mkononi na jeli imejaa kwenye glavu, maana mjukuu wake mwingine alikuwa amelala mbele yangu kavua shati.

“Daktari, mtu asiye na mapigo si maiti?”

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na wengi ninaowaona kliniki ni watu ambao mioyo yao imechoka. Familia hii ni ya Ujiji. Wameniruhusu niandike habari zao bila majina, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili wasitambulike mtaani. Nimeomba ruhusa hiyo kwa sababu maswali yao ndiyo ninayoulizwa kila wiki na watu wengine, ila wao waliyauliza waziwazi.

Tuanze na baba yao. Alianguka mwaloni akishusha samaki, hajafika miaka 50, na hakuinuka tena. Ikasemwa karogwa na mwenye mtumbwi mwenzake. Miaka ikapita. Binti aliyekwenda Marekani kusoma na kuolewa huko akaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Kaka yake mvuvi, huku Ujiji, akaanza kukohoa usiku. Zahanati moja ikampa dawa za pumu kwa karibu mwaka mzima. Siwalaumu sana, kikohozi cha moyo kinafanana na pumu. Ila kuna swali moja rahisi ambalo lingewafungua macho: unalalia mito mingapi? Yeye alikuwa amefika mitatu, na usiku mwingine analala amekaa, kaegemea ukuta. Mtu mwenye moyo uliochoka akilala chali, maji hurudi kwenye mapafu. Nilimbonyeza mguu juu kidogo ya kifundo, nikatoa kidole, shimo likabaki pale kama kidole kwenye unga wa muhogo.

Ugonjwa wenyewe ni wa msuli wa moyo. Chumba cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini kote, kinalegea na kutanuka. Fikiria lastiki ya suruali iliyofuliwa mara mia: bado ipo, bado inavutika, lakini hairudi. Moyo mzima hutoa kwa kila pigo kati ya asilimia 55 na 70 ya damu iliyomo kwenye chumba hicho. Wa kaka ulikuwa unatoa 22. Wapo wanaoupata ugonjwa huu kwa pombe, kwa virusi, wapo kina mama wanaoupata mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua. Lakini kwa wagonjwa wengi umo kwenye damu ya ukoo, na ukimwona baba aliyeanguka ghafla, binti na mtoto wa kiume wanaoumwa ugonjwa huohuo, huna haja ya kumtafuta mchawi. Moyo uliotanuka hukorofisha umeme wake, mapigo yakavurugika, mtu akaanguka pale alipo.

Sasa yule dada. Yeye amefika mahali dawa hazitoshi, kwa hiyo wamemwekea pampu iliyoshonwa kwenye ncha ya moyo. Pampu inanyonya damu kutoka chumba cha kushoto na kuisukuma kwenye mshipa mkuu, na inazunguka mfululizo kama feni. Mapigo tunayoyashika mkononi ni mawimbi: moyo unabana, unaachia. Feni haina mawimbi, damu inatiririka tu kama maji ya bomba. Ndiyo maana nesi hakushika kitu, na ndiyo maana presha yake hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Nilimweleza bibi hivyo. Akafikiri, akauliza swali ambalo mtu wa Kigoma lazima aulize: “Na umeme ukikatika?” Mkoba ule una betri mbili, anazichaji kwa zamu, na nyingine za akiba hazimwachi mbali. Usiku anajichomeka ukutani. “Kama simu,” akasema bibi. Ndiyo, kama simu.

Pampu ile kwake ni daraja la kumfikisha kwenye moyo mwingine. Yuko kwenye orodha. Hapa ndipo ndugu wa Ujiji walipokuwa wanaumia bila sababu, kwa kuwa waliichukulia orodha kama foleni ya benki: kama aliingia mwaka juzi, mbona waliokuja nyuma yake wameshapata? Kule Marekani tangu Oktoba 2018 wanaosubiri moyo wamegawanywa kwenye madaraja 6. Aliye mahututi, anayeishi kwa mashine chumba cha uangalizi maalumu, yuko juu. Aliyetulia nyumbani na pampu yake, kama dada, yuko daraja la nne. Kwa hiyo kukaa chini kwenye orodha, kwa namna fulani, ni habari njema. Kisha kuna kundi la damu. Yeye ni O, na mtu wa O anapokea moyo wa O peke yake, ilhali moyo wa O unaweza kwenda kwa kundi lolote. Kuna ukubwa wa mwili pia, maana moyo wa mtu mdogo hauwezi kulihudumia jitu. Na kuna saa. Moyo ukishatolewa na kuwekwa kwenye barafu, madaktari hutaka uwe umeshashonwa ndani ya muda wa saa 4 hivi. Figo huvumilia siku nzima na zaidi. Moyo ungepandishwa treni hapa stesheni ya Kigoma, ungeharibika kabla Tabora haijaonekana.

Siku hiyohiyo mdogo wao wa kiume, kijana wa bodaboda mwenye kifua kama cha mbeba mizigo, alisimama mlangoni akasema bila kutania: “Daktari, mimi niko tayari. Mchukulie kaka kwangu.”

Nilikuwa nimeshasikia hilo kwa wengine. Linatokana na figo. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, watu wakaona ndugu anampa ndugu na wote wawili wanarudi nyumbani. Lakini figo tunazo mbili. Moyo ni mmoja, na hautolewi kwa mtu aliye hai kwa hiari yake, hata akiandika kwa mkono wake. Kwa kawaida unatoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, kwa ajali kwa mfano, wakati mashine bado inampumulia na moyo bado unapiga.

Chumba kilinyamaza. Bibi akasema, “Kwa hiyo sisi tunaomba mtoto wa watu afe.”

Nilimjibu tulivyofundishwa: huyo hafi kwa sababu ya dua yetu, atakufa kwa ajali yake, na familia yake ndiyo itakayoamua. Ni jibu sahihi, na lilidondoka sakafuni. Bibi amezika mtoto. Alikaa kimya, akazungusha tasbihi, kisha akatoa uamuzi wake: “Basi moyo sitamwombea. Nitamwombea betri.” Mpaka leo, kwa ninavyojua, ndivyo anavyofanya.

Kaka je? Yeye alikuja kwangu akiwa ameambiwa huko alikopita kwamba “abadilishiwe moyo”, na ukoo ulikuwa umeshapata mnunuzi wa mtumbwi, injini na nyavu. Niliwaomba wasimame kwanza. Maneno haya mawili, kubadilishiwa valvu na kubadilishiwa moyo, yamefilisi watu. Valvu ni milango ya moyo. Ikiharibika inaweza kurekebishwa au kuwekwa mingine, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam wanafanya upasuaji huo. Kupandikiza moyo mzima hakufanyiki hapa nchini. India wanafanya, na ndiko kila mtu anakokutaja, lakini kwa viungo vya marehemu sheria zao zinamweka raia wao mbele na mgeni mwisho. Fedha za mtumbwi zingelipa tiketi na hoteli, na kaka angekaa huko akisubiri zamu ambayo pengine isingefika.

Na hata ukiupata, moyo mpya hauji na uzima wa zamani. Wa kwanza kuwekewa moyo wa binadamu mwenzake alikuwa Louis Washkansky, Desemba 3, 1967, hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, chini ya Christiaan Barnard. Aliishi siku 18. Moyo ulikuwa unapiga vizuri. Aliuawa na nimonia, kwa sababu dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo wa mgeni zilikuwa zimeubomolea mwili ulinzi wake. Miaka ya 1980 zilikuja dawa bora, na siku hizi zaidi ya nusu ya wanaopandikizwa huvuka miaka 10. Lakini dawa hizo hunywewa kila siku hadi kifo. Tena moyo ule umekatwa mishipa ya fahamu, kwa hiyo unakwenda mbio kidogo hata mtu akiwa amekaa, na akiinuka kukimbia unachelewa kupata habari. Mimi hilo hunishangaza hadi leo.

Kwa hiyo kaka alianza dawa. Ya kukojoza ili maji yatoke, kisha taratibu enalaprili, kavediloli, spironolaktoni na dapagliflozini. Hii ya mwisho ilianza kama dawa ya kisukari, na hapo tulikwama: muuzaji wa duka moja la dawa aliisoma akamwambia, “Mbona wewe huna sukari?” Akaiacha wiki mbili bila kuniambia, akarudi amevimba. Kosa nusu ni langu. Nilimwandikia dawa nikamweleza namna ya kuimeza, sikumweleza kwa nini. Sasa naandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la kila mgonjwa: HII NI YA MOYO.

Vita kubwa zaidi ilikuwa ya chumvi. Mke wake alinihakikishia kwamba ameshaacha chumvi ya pakiti, anatumia ya Uvinza tu, ya asili, ile waliyokuwa wakichemsha mababu. Uvinza imetengeneza chumvi karne nyingi, nami naiheshimu historia hiyo, lakini kwa moyo mgonjwa chumvi ni chumvi. Inashika maji vilevile. Tukakubaliana isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku ikiwamo ile iliyokwisha kuingia kwenye chakula, na hapo migebuka iliyokaushwa kwa chumvi ikaondoka mezani. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi wakabaki. Nilifikiri atanung'unikia kazi ya ziwani niliyomwachisha. Hapana, alinung'unikia migebuka.

Uzito anajipima kila alfajiri kwenye mizani ya magunia ya dagaa, kabla wachuuzi hawajafika. Anaandika kwenye daftari la hesabu la mwanawe: 63, 63, 63 na nusu. Nilimwambia ukiona kilo 2 zimeongezeka ndani ya siku tatu usingoje tarehe ya kliniki, hayo si mafuta, ni maji. Amewahi kuja hivyo mara moja, saa moja asubuhi, daftari kwapani, na hakuhitaji kulazwa. Baada ya miezi minane nilimrudia eko. Kutoka 22 amefika 36. Si moyo wa kupiga makasia usiku kucha, lakini analalia mto mmoja, na mtumbwi upo, anaukodisha.

Kilichobaki ni wengine. Ugonjwa wa ukoo wa namna hii kwa kawaida humfikia kila mtoto wa mgonjwa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kila mmoja na bahati yake. Ndugu wote huhitaji eko na kipimo cha umeme wa moyo hata kama hawaumwi, na walio salama leo warudi baada ya miaka michache, kwani unaweza kuchelewa kujitokeza. Dada mkubwa amepima, yuko salama kwa sasa. Mdogo wa kike aliye kidato cha tatu, anayecheza netiboli na hajawahi kukohoa, moyo wake umeanza kutanuka kidogo. Tumemwanzishia dawa mapema.

Yule kijana wa bodaboda hajapima. Yuko tayari kuutoa moyo wake wote, ila hataki utazamwe. Nimemwambia ni dakika chache, haumi, hakuna sindano. Mwezi uliopita alimleta kaka yake kliniki akabaki amekaa kwenye benchi la nje. Nilipotoka kumfuata, alizitazama glavu zangu zenye jeli, akainuka, akafuta kiti cha pikipiki kwa kiganja.

“Leo hapana, daktari,” akasema. “Nina abiria.”