Nuni kwenye ukuta wa jirani

Wiki jana baada ya kipindi mwanafunzi wangu mmoja kanifuata mpaka getini kaniuliza, "Ticha, kwani Iraq kuna Wakristo? Si walipelekwa na Wamarekani?" Nikamjibu mbiombio manake tuktuk yaningoja, lakini swali nimelala nalo, sababu sio yeye peke yake, hata barazani kwetu Mji wa Kale nishaliskia. Mimi kazi yangu ni kusomesha historia ya dini za Mashariki ya Kati, basi wacha nieleze kwa utaratibu.

Hawakupelekwa na mtu. Wako pale tangu karne za mwanzo za Ukristo, kabla Uislamu haujafika, kabla hata Baghdad haijajengwa. Ile monasteri ya Mar Mattai mlimani karibu na Mosul, mji wa kaskazini mwa Iraq, ni ya karne ya 4. Kuna makanisa ya Wakaldayo, Waashuru na Wasiria (sio watu wa nchi ya Syria), na wengi wao majumbani bado wazungumza Kiaramu, lugha ambayo ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania. Waarabu huwaita Nasara, na hata huku kwetu wazee walikuwa wakisema Manasara, neno ni lile lile. Nasara kwa Kiarabu yaanza na nuni, yaani herufi N.

Hio nuni maalim wangu chuoni alitufundisha hivi: chora kidau, kisha muweke mtu mmoja katikati. Daesh, lile kundi lililojiita Dola la Kiislamu, waliuteka Mosul tarehe 10 Juni 2014, na mwezi uliofuata nyumba za Wakristo zikapigwa nuni ukutani kwa rangi, pembeni yake maandishi kwamba hii ni mali ya Dola la Kiislamu. Kisha likatoka tangazo: silimuni, au lipeni jizia, ile kodi ya wasokuwa Waislamu, au hameni, na asotaka yote matatu ni upanga, mwisho Jumamosi tarehe 19 Julai saa sita mchana. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho ndo laanza, sisi huku jikoni twakaanga kaimati, na kule familia zatoka na mabegi na kwenye vizuizi vya barabarani zavuliwa pesa, dhahabu, mpaka pete za ndoa. Siku chache baadae wakaulipua msikiti wenye kaburi la Nabii Yunus. Usiku wa kuamkia 7 Agosti Qaraqosh ukaanguka, mji mkubwa kuliko yote ya Wakristo katika Uwanda wa Ninawi, na watu zaidi ya 100,000 wakakimbilia upande wa Erbil, mji wa Wakurdi, wakalala makanisani, bustanini, kwenye magorofa yasomalizwa. Wayazidi wa Sinjar, watu wa dini nyingine ya kale huko huko kaskazini, wiki hio hio yaliwafika makubwa zaidi, nao nitawaandikia peke yao inshallah.

Na msiniambie ile ilikuwa jizia. Jizia vitabuni ni malipo kwa ulinzi, yule alipaye mali yake na roho yake vinakuwa dhamana ya mtawala. Wale walishaandika nyumba ni zao kabla hata ya kumuuliza mtu kama atalipa. Profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Mosul, Mahmoud al-Asali, Mwislamu, alipinga waziwazi, wakamuua. Septemba mwaka huo maulamaa zaidi ya 120 kutoka nchi mbalimbali wakamwandikia Baghdadi, kiongozi wa Daesh, barua ya wazi kumkatalia mambo yake, na hili la Wakristo limo.

Lakini ninalotaka mlielewe zaidi ni kuwa mambo hayakuanza na Daesh. Kabla ya 2003 Wakristo wa Iraq walikadiriwa kupita milioni 1, sa hii makadirio mengi hayafiki 300,000, na wengi waliondoka kabla ya hio nuni. Marekani ilipovamia 2003 na serikali ikavunjwa, kila mtu alikimbilia kwa watu wake, huyu kwa kabila lake, yule kwa wanamgambo wa madhehebu yake, na Mkristo hakuwa na bunduki wala kabila kubwa la kumtetea, tena kaitwa kibaraka wa wavamizi kwa sababu tu dini yao yafanana. Agosti 2004 makanisa yalipuliwa Baghdad na Mosul siku moja, Jumapili. Mtaa wa Dora, Baghdad, mnamo 2006 na 2007 watu walipewa vitisho vile vile, silimu, lipa au hama. 2008 askofu mkuu Paulos Faraj Rahho alitekwa Mosul akapatikana maiti. Oktoba 31, 2010 kanisa la Sayidat al-Najat, Baghdad, likavamiwa misa yaendelea, wakafa zaidi ya watu 50, wakiwemo mapadri 2.

Halafu kuna la nyumba. Mtu akikimbia, nyumba yake Baghdad yapata mwenyewe mpya na hati ya kughushi, na yeye alokimbia yuko Erbil au Amman kule Jordan, atamshtaki nani? Hili mtu wa pwani halihitaji tafsiri. Kiwanja cha marehemu nyanya yangu Kisauni kilitokezewa na hati ya pili, tukazunguka na makaratasi miaka na miaka, na sisi tulikuwa hapa hapa, twaijua lugha, hakuna alotutishia kutuua. Ndo maana nikisoma hizi habari za Iraq moyo wangu waenda kwa yule mzee alo na funguo na hana mlango.

Qaraqosh ulikombolewa Oktoba 2016. Kanisa lao kuu, al-Tahira, lilikuwa limechomwa moto ndani, na uani Daesh walipafanya uwanja wa kulenga shabaha, kuta zimejaa matundu ya risasi. Likatengenezwa, na Machi 7, 2021 Papa Francis akasali mle, kina mama wakampokea kwa vigelegele kama vyetu vya harusini. Karibu nusu ya watu wa mji walirudi. Mosul mjini zimerudi familia chache sana. Wengine wako Australia, Sweden, Ujerumani, Marekani, watoto wao wasoma kwa lugha za huko, na Kiaramu waiskia kwa nyanya zao tu, kwenye simu.