Je, wajua? Soprano mmoja husikikaje juu ya okestra ya watu karibu mia?

Ukiwa harusini, ngoma zinanguruma na watu wanaimba, mara shangazi mmoja anapiga kigelegele. Utakisikia hata ukiwa nje ya ukumbi. Si kwamba shangazi ana nguvu kuliko ngoma. Sauti yake imepita juu, mahali ambapo ngoma hazifiki. Siri ya Birgit Nilsson inaanzia hapo hapo.

Nilsson alizaliwa mwaka 1918, binti wa mkulima wa Västra Karup, kusini mwa Uswidi. Alikuwa soprano wa kidrama, yaani mwimbaji wa kike mwenye sauti ya juu lakini nzito, awezaye kuzibeba opera ndefu kama za Richard Wagner, mtunzi wa Kijerumani. Sauti ya namna hii huchelewa kukomaa. Alianza mwaka 1946 katika Opera ya Kifalme ya Stockholm, alipoitwa ghafla kushika nafasi ya mwimbaji aliyeugua. Alipoingia Metropolitan Opera ya New York kuimba Isolde, mhusika mkuu wa kike katika opera ya Wagner ya "Tristan und Isolde", tarehe 18 Desemba 1959, alikuwa na miaka 41, na gazeti la New York Times likamweka ukurasa wa kwanza.

Siku kumi baadaye yalitokea makubwa. Wanaume watatu waliojua kuimba Tristan, mpenzi wa Isolde, wote waliugua. Kila mmoja alikubali kujikongoja kwa tendo moja tu. Nilsson akaimba matendo yote matatu, usiku mmoja, akibadilishiwa mpenzi kila pazia lilipofunguliwa.

Na yote hayo bila kipaza sauti. Waimbaji wa opera wanawezaje?

Sauti ni mtetemo. Nguvu kubwa ya okestra imejaa kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda juu inazidi kupungua. Noti maarufu ya juu ya soprano, ile do ya juu, hutetema mara 1,047 hivi kwa sekunde. Tayari amekwisha kuuvuka msongamano. Tena noti haitoki peke yake: huandamana na mitetemo mingine iliyo mara mbili na mara tatu yake, yaani 2,000 na 3,000 na kitu. Kwa bahati njema, sikio la binadamu ni jepesi kuliko kawaida kati ya 2,000 na 5,000. Okestra imenyamaa huko, sikio limefunguka, na mwimbaji anapita katikati.

Kinachobaki ni taya, na hapa ndipo ninapoustaajabia ufundi wenyewe. Kinywa na koo ni kama chumba chenye mwangwi. Ukitamka "i", chumba hicho huitikia mitetemo kama 300. Ukitamka "a", huitikia zaidi ya maradufu. Noti ikipanda juu kuliko mwitikio wa chumba, sauti hukosa msaada na kudhoofu. Kwa hiyo soprano hushusha taya kidogo kidogo kadiri noti inavyopanda, ili mwitikio wa kinywa upande sambamba na noti. Mtafiti Johan Sundberg, naye Mswidi, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa vipimo. Gharama yake ni maneno: huko juu "i" na "u" zote huelekea "a", ndiyo maana hata Mjerumani halisi hushindwa kushika kila neno la Isolde. Mwimbaji hana kosa hapo.

Pumzi, mbavu na miguu navyo vina kazi yao. Nilsson alipoulizwa Isolde inahitaji nini, alitaja viatu visivyobana.

Alistaafu mwaka 1984, akafariki mwaka 2005, na amezikwa kijijini kwao Västra Karup. Ukipata video yake akiimba Turandot, opera aliyofungulia msimu wa jumba la opera la La Scala, Milano, mwaka 1958, usitazame vazi wala taji. Mtazame taya anapoikaribia ile do ya juu.